Nusukaputi na akili ya mtoto: yasemwayo Lamu na yaliyopimwa

"Mtoto akipewa nusukaputi, akili hupungua."

Hofu hii ya nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji, haikuzuliwa barazani. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza panya wa siku 7 kwa mchanganyiko wa dawa za usingizi muda wa saa 6. Chembe nyingi za ubongo zikafa, na walipokua wakawa wazito wa kujifunza. Lakini saa 6 kwa panya wa wiki moja ni muda mrefu mno ukilinganisha na upasuaji wa ngiri.

Utafiti mwingine, uitwao GAS, ukapima watoto wenyewe. Wachanga 722 wenye ngiri, katika hospitali 28 za nchi 7, waligawanywa kwa kura: hawa wakavutishwa sevofluraini, dawa ya usingizi, wale wakachomwa ganzi ya mgongo wakiwa macho. Usingizi ulichukua kama dakika 54. Walipofika miaka 5, wastani wa alama za akili ulikuwa 98.97 kwa waliolazwa na 99.08 kwa wa ganzi. Ndiyo kusema, sawasawa.

"Basi hata akilazwa mara kumi, hakuna neno."

Hapana. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu usingizi wa zaidi ya saa 3, au wa kurudiwarudiwa, kwa walio chini ya miaka 3. Utafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wa 2018 uliona waliolazwa mara nyingi kabla ya umri huo wana akili ya jumla sawa na wenzao, ila wepesi wa kufikiri na wa kazi za vidole ulipungua kidogo. Mtoto wa mdomo sungura, au aliyeungua na anayepandikizwa ngozi, hana budi kurudi; muulize daktari kama kazi mbili zaweza kufanywa kwa usingizi mmoja. Ngiri ya mchanga isingojeshwe kwa hofu ya dawa. Ikiwa ngumu, hairudi ndani, naye anatapika, ni hospitali siku hiyo hiyo.

"Asile wala asinywe tangu magharibi."

Hapa ndipo penye madhara ya kweli. Ubongo huumizwa zaidi na upungufu wa oksijeni, presha kushuka na sukari kuisha, na kichanga aliyefungishwa usiku kucha huishiwa sukari upesi. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, ziwa la mama mwisho saa 10 alfajiri, maji matupu mwisho saa 12. Uji na chai ya maziwa ni chakula: mwisho saa 8 usiku. Mahamri yana mafuta, hukaa tumboni; mwisho saa 6 usiku. Tumbo likiwa na chakula, hupanda kooni mtoto amelala na kuingia mapafuni. Anayetoka Faza au Kizingitini afike Lamu jana yake, maana ratiba ikisogezwa, saa hizo huhesabiwa upya, na muuguzi ndiye wa kuulizwa kama anyonyeshwe tena.

Piko nalo! Kifaa cha kidoleni husoma oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na piko, rangi nyeusi ya kujipamba, huuzuia. Msichana aliyetoka harusini aachiwe vidole visivyopakwa, vya mkono au vya mguu. Mafua na kikohozi pia visifichwe: koo lenye mafua hujifunga ghafla wakati wa usingizi, na upasuaji usio wa dharura husogezwa wiki 2 au zaidi.

"Ameamka hamjui mamake, ubongo umeguswa."

Wa miaka 2 hadi 5 waliovutishwa sevofluraini mara nyingi huamka wakipiga mateke, macho wazi, hawatulizwi hata na ziwa. Hupita kwa dakika 10 hadi 30. Waliopewa ketamini, dawa nyingine ya usingizi, huchezesha macho na kutoa mate. Mshike asianguke, punguza sauti na mwanga, usimlazimishe kunywa. Midomo ikigeuka buluu, akikoroma kwa shida au asipoamshika, muuguzi aitwe papo hapo.