Mhadhara wa sayansi si tangazo la mlipuko

Kila tunapobandika bango la mhadhara wa wazi kuhusu Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, iwe katika mtaa wa Himbi au wa Birere, simu huanza kulia kabla gundi haijakauka, na swali ni lilelile: «Dokta, ni lini?» Hawaulizi tarehe ya mhadhara, maana imeandikwa kwa herufi kubwa. Wanauliza mlima utalipuka lini, kwa kuwa wanaamini kwamba wataalamu hawashuki mtaani kuzungumza bure isipokuwa wamekwisha kuijua siku na wametumwa kuidokeza kidogo kidogo.

Hakuna chombo duniani kinachosoma tarehe ya mlipuko. Vipima-mitetemo husikia miamba ikipasuka, setilaiti huonyesha ardhi ikivimba, na vipimo vya gesi hufuatilia salfa dioksidi inayotoka kwenye kreta, yaani shimo la kileleni. Kutokana na hayo mtaalamu hukadiria uwezekano, nao hupanda na kushuka. Nyiragongo ni mgumu kuliko volkano nyingi, kwa sababu mara nyingi kreta yake hubeba ziwa la lava, yaani magma, miamba iliyoyeyuka ya chini ya ardhi, imekwisha kufika juu na haihitaji kujisukuma kwa majuma huku ikitoa ishara kubwa. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ubavu wa mlima ulipasuka, na uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa dalili za wazi za mitetemo zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Muda huo hautoshi hata kumaliza kikao cha kuamua nani atie sahihi kwenye tangazo.

Siku tano baadaye mambo yakawa kinyume. Magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu, matetemeko yalikuwa yamepasua barabara na kuta, na tarehe 27 Mei mamlaka ya mkoa ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Watu wakamiminika kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Lava haikutoka tena. Tangu wakati huo nasikia, mara nyingine kutoka kinywa kimoja katika jioni moja, kwamba wataalamu walinyamaza tarehe 22 na kwamba walidanganya tarehe 27. Anayetaka tuseme mapema hana budi kukubali kuwa baadhi ya tahadhari zitapita bila mlipuko, na anayetaka tahadhari isiyokosea kamwe anatutaka, bila kujua, tusubiri hadi lava ionekane. Njia ya tatu haipo, na subira yangu huisha ninapoombwa niitafute kwa mara nyingine.

Tahadhari hutolewa na mamlaka, kwa rangi zinazoanzia kijani hadi nyekundu, na mhadhara hauwezi kuibadilisha rangi hiyo. Tunachagua kuzungumza wakati mlima umetulia, kwa sababu mtu aliyebeba godoro kichwani hana nafasi ya kusikiliza. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia, ni kwamba kila mmoja aje na swali moja aliloliandika nyumbani kuhusu mtaa wake: atapita njia gani, na mtoto akiwa shuleni nani atamchukua. Waandaaji nao wapunguze salamu za itifaki, ambazo hula nusu ya muda wa maswali.

Dhana nyingine hazistahili maneno mengi. Wapo wanaosema kuwa lava ikigusa Ziwa Kivu, gesi yote iliyoyeyuka ndani ya maji yake italipuka. Mnamo Januari 2002 lava ilikatiza katikati ya Goma na kuingia ziwani, na gesi haikufumuka, kwa kuwa sehemu yake kubwa imefungiwa chini ya mita 260, katika ziwa lenye kina cha mita 485 hivi. Hatari yenyewe ipo, na gesi iliyofumuka kutoka ziwa Nyos la Kamerun iliua watu wapatao 1,700 mwezi Agosti 1986. Ndiyo maana Kivu hupimwa.

Wengine huyaona majaribio ya mezani kuwa michezo ya watoto. Tunasimamisha mishumaa miwili ndani ya beseni, mmoja mfupi na mmoja mrefu, kisha tunamimina siki juu ya bikarbonati iliyo chini. Mshumaa mfupi huzimika, mrefu huendelea kuwaka, kwa sababu kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Mazuku ya Bulengo, karibu na Goma, yaani mabonde yanayokusanya gesi hiyo, huua kwa namna hiyohiyo, hasa alfajiri pasipo upepo: mbuzi aliyelala kwenye bonde dogo hufa, na mwenye mbuzi akiinama kumwinua, naye huanguka.

Kwa wanaodhani kwamba mihadhara ni ya waliosoma, mwanasayansi Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi na mwanagenzi wa kujalidi vitabu alipopewa na mteja tiketi za mihadhara ya mkemia Humphry Davy, London, mwaka 1812. Mwaka uliofuata Davy alimwajiri katika maabara yake, na baadaye Faraday mwenyewe akawa anawafundisha watoto kemia kwa kutumia mshumaa.

Tena, mhadhara haulipi nauli. Semina za mashirika ndizo zilizotuzoesha kusaini karatasi na kungoja bahasha. Kwetu karatasi inayozunguka ukumbini ni ya kuandikia maswali.