Nyumba Mpya za Chanika Hazikujengwa na Wageni

Nimeisikia tena juma hili, safari hii katika kikao cha watu waliosoma mipango miji: kwamba Chanika, Kivule, Chamazi na Goba, za pembezoni mwa jiji, zimejaa kwa sababu watu wa mikoani wanamiminika Dar es Salaam, na kwamba dawa yake ni kuwabakiza vijana vijijini wakalime. Kazi yangu ni takwimu za watu, hasa maswali ya nani amehamia wapi na ametokea wapi, na sina tena uvumilivu wa kuijibu kauli hiyo kwa sentensi mbili huku chai ikimiminwa. Naijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu ni kauli inayoelekeza fedha, barabara na shule mahali pasipostahili.

Nyumba mpya ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, haijengwi na mtu aliyeshuka jana kwenye basi. Mgeni hana fedha za kiwanja, hamjui mwenye shamba anayekata vipande, wala hana mtu wa kumshuhudia mauziano katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mgeni hufikia kwa mjomba au dada, hulala sebuleni, kisha hutafuta chumba katika mitaa ya ndani ya jiji, Manzese, Tandale, Buguruni au Tandika, katika nyumba ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, yenye choo na bomba uani. Humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja na mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo huishi miaka, huoa au huolewa, hupata watoto, na katika miaka hiyo ndipo anaposikia kwa mfanyakazi mwenzake kwamba kule mbele ya Pugu viko viwanja vya ishirini kwa ishirini vinavyolipiwa kidogo kidogo.

Anayejenga, basi, ni mpangaji wa mjini anayeikimbia kodi. Ukimuuliza mkazi wa Kivule kwa nini alihamia mwezi ule hasa, ilhali nyumba haikuwa na plasta na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matofali, mara nyingi sana atakujibu kwamba miezi sita ilikuwa inakwisha na mwenye nyumba alikuwa anadai mkupuo mwingine. Fedha ambayo ingelipa kodi ilinunua bati, mlango mmoja na komeo. Wengine huanza na banda la uani, vyumba viwili vya kujihifadhi, nyumba kubwa ikisubiri juu ya msingi kwa miaka. Huko ndiko kuhama kwenyewe: hakuanzii Singida wala Lindi, kunaanzia chumba cha kupanga kilicho mwendo wa daladala mbili kutoka hapo.

Wapo pia wanaohama kwa kusukumwa. Nyumba za mirathi za Kariakoo, Ilala na Magomeni huuzwa na warithi, ghorofa la biashara likapanda, na wapangaji wa vyumba vyote wakatawanyika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliokuwa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi. Hao walikuwa tayari wakazi wa jiji.

Sasa tarakimu, ambazo watu huzitaja bila kuzisoma. Sensa ya 2002 ilihesabu takriban watu milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika kipindi cha kwanza mkoa ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, na katika kipindi cha pili kwa asilimia 2.1 tu, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kauli ya watu kumiminika ilikuwa na nguvu mwaka 2012. Kuirudia leo kwa sauti ileile, baada ya sensa kuonyesha mkoa unakua polepole kuliko taifa, ni kukataa kusoma.

Hapa huibuka kundi la pili, linaloniudhi zaidi kwa sababu limesoma nusu. Linaiona asilimia 2.1 na kutangaza kwamba watu wanaikimbia Dar es Salaam, kwamba wote wamefuata serikali Dodoma. Ni kweli kwamba Mkoa wa Dodoma ulitoka watu 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022. Lakini tazama Pwani, mkoa unaoizunguka Dar es Salaam pande zote za nchi kavu: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo, yaani zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Wakulima wa Pwani hawakuanza ghafla kuzaa mara mbili ya wenzao. Mji umevuka mpaka. Mtu aliyekuwa akipanga Kimara amejenga Kibaha, aliyekuwa Mbagala amejenga Vikindu, aliyekuwa Tegeta amejenga Mapinga, na kila alfajiri wote watatu wako barabarani kurudi kwenye kazi zilezile.

Hili la mpaka naomba nilikalie, kwa sababu ndilo shina la tatizo. Majedwali ya uhamaji yanayotumika sana hulinganisha mkoa na mkoa. Familia inayotoka Manzese kwenda Chanika, ikabadili shule, soko, zahanati, msikiti au kanisa, na nauli yake ikaongezeka maradufu, katika majedwali hayo haikuhama kabisa, kwa kuwa imebaki Mkoa wa Dar es Salaam. Familia ya jirani yake iliyotoka Kibamba ikavuka hadi Kiluvya ya upande wa Pwani, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, inaandikwa kuwa imehama mkoa, na inawekwa safu moja na kijana aliyetoka Kigoma kwa treni. Kwa hiyo uhamaji mkubwa kuliko wote jijini hauonekani, na sehemu yake inayoonekana inasomwa kama kuhama kutoka mjini kwenda mikoani. Mtaalamu anayechukua jedwali hilo na kulifanyia ramani ya mishale mizuri, bila kusema mpaka umepita wapi, anawapotosha wasomaji wake hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Unganisha mikoa hiyo miwili na picha inabadilika: watu 5,463,209 mwaka 2012 wamekuwa 7,408,675 mwaka 2022, ambao ni ukuaji wa takriban asilimia 3.0 kwa mwaka. Uko chini kidogo ya ule wa taifa. Lakini nisieleweke kwamba wageni hawapo. Wanawake wa Dar es Salaam huzaa watoto wachache kuliko wastani wa nchi, kwa hiyo eneo hili lisingefika asilimia 3.0 kwa uzazi peke yake. Sehemu imetoka nje, na wengi wa wanaotoka nje ni vijana, wakiwamo wasichana wanaoletwa kufanya kazi za ndani. Ninachokataa ni kumwona kijana huyo, anayelala chumba kimoja na wenzake watatu Tandale, kana kwamba ndiye mwenye bati jipya la Chanika.

Hesabu hiyo ya kuunganisha nayo ina udhaifu, na sitauficha. Pwani si kitongoji cha jiji. Ndani yake mna Rufiji, Kibiti na Mafia, ambako watu huishi kwa uvuvi na kilimo bila kujali foleni ya Kimara. Ningependa kuigawa hesabu kwa wilaya, hata kwa kata, lakini kata nazo zimegawanywa kati ya sensa moja na nyingine, na wilaya za Ubungo na Kigamboni hazikuwapo mwaka 2012, kwa hiyo kila ulinganisho unadai mtu akae chini na ramani mbili. Kuna pia baba anayelala Buguruni siku za kazi na kwenda kwa familia yake Mkuranga Jumamosi. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na ile ya 2022 iliangukia Jumanne. Sina namna ya kuridhisha ya kusema makazi yake ni wapi, na nina shaka kwamba swali lenyewe lina jibu moja.

Shaka yangu kubwa zaidi ni nyingine. Ngazi niliyoieleza, ya kufikia kwa ndugu mjini kati, kisha chumba, kisha kiwanja, inaanza kulegea, kwa sababu ndugu wenyewe wamekwisha kuhamia pembezoni. Kijana anayetoka Moshi leo anashushwa kituo cha mabasi ya mikoani cha Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021, na mjomba anayempokea anaishi Kibamba. Huenda asiijue kabisa Manzese. Hali hii ikiendelea, kauli ninayoipinga itaanza kuwa kweli, ila kwa sababu tofauti kabisa na ile wanayoitoa wasemaji wake.

Kuhusu historia nitapita haraka, kwa kuwa inasema jambo lilelile. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokuwa tayari wanabanana mjini. Mwaka 1983, katika kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi, walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini, na wengi wakarudi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulifungua Tuangoma, Kibada, Bunju na kwingineko, nao ulivuta zaidi wakazi wa jiji wenye mishahara.

Madhara ya kukosea hapa ni ya moja kwa moja. Anayehamia Chanika au Vikindu ni familia yenye watoto wa shule, na mahitaji yake ya kwanza ni madarasa, maji, na usafiri wa kwenda Kariakoo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Biashara ya aliyehamia Vikindu inalipia leseni Jiji la Dar es Salaam, huku mtoto wake akidai dawati Mkuranga, na halmashauri hizo mbili hazina kikao kimoja cha kulizungumzia. Ofisi ya serikali ya mtaa ina daftari la wakazi. Kuongeza humo safu moja, ya mtaa ambao kaya imetoka na mwaka iliyohamia, kungetupa katika muda mfupi kile ambacho majedwali ya mkoa na mkoa hayawezi kutupa. Nimelipendekeza hilo kwenye kikao kilekile, na nitalipeleka kwa maandishi kwa wenyeviti wa mitaa watakaokubali kuanza nalo.