Mgonjwa wa kiharusi anapopaliwa: maswali na majibu

Baba yetu, tunayeishi naye hapa Igoma, Mwanza, alipata kiharusi. Ugali laini anaumeza, lakini maji yanampalia. Iweje maji yamshinde kuliko tonge?

Kwa sababu maji yana mbio. Mtu anapomeza, koromeo hupanda, kidakatonge hufunika njia ya hewa, na kinachomezwa huelekea kwenye umio, yaani mrija wa chakula, yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Misuli iliyodhoofishwa na kiharusi huchelewa, maji yakafika kabla mlango haujafungwa, ilhali uji mzito hushuka taratibu na kuipa nafasi. Kwa hiyo msimteremshie mzee tonge kwa maji.

Siku hizi hakohoi tena akila. Amepona?

Si lazima, na hapa ndipo familia nyingi hudanganyika. Kikohozi ni mlinzi wa mapafu. Koo likipoteza hisia, chakula huweza kupenya kwenye njia ya hewa kimyakimya. Sikilizeni sauti yake baada ya kila funda: ikitoka yenye majimaji, kama ya mtu anayeongea huku mate yamemjaa kooni, au homa na kubanwa kifua vikimrudia mara kwa mara, mpelekeni hospitali.

Mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye hushughulikia pia kumeza, humpima vipi?

Hukagua midomo, ulimi na nguvu ya kikohozi cha kujikohoza. Hali ikiruhusu, humpa mililita 90 za maji anywe mfululizo, kisha humwangalia kwa dakika 1. Jaribio hilo msilifanye nyumbani. Mashaka yakibaki, mgonjwa humezeshwa bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, huku eksirei ikifuatilia mwendo wake, au hupitishwa kamera nyembamba puani.

Atasaidiwaje?

Mazoezi hufuata vipimo, kwani kuinamisha kidevu wakati wa kumeza humfaa mmoja na kumponza mwingine. Wapo wanaopewa kifaa cha kupuliza ili kikohozi kipate nguvu: mipulizo 5, mara 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5. Nyumbani aketi wima, redio izimwe, kijiko kiwe kidogo, na sato achambuliwe miiba kwa vidole kabla ya kupondwa kwenye mchuzi mzito. Kinywa kisafishwe kila siku, hata kama hana meno, maana vijidudu vinavyoshuka na mate huleta nimonia.

Na kikohozi kisichohusiana na kula?

Kikifika wiki 2, apimwe kwanza kifua kikuu. Mazoezi ya koo yatangoja.