Kimeo hakileti kikohozi
Mtoto akikohoa wiki nzima, bado tunaambiwa: kimeo kimerefuka, akakatwe. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo si ugonjwa. Mtoto anapomeza, hupanda pamoja na kaakaa laini kuzuia chakula kisiingie puani, tena hulainisha koo kwa mate. Kikohozi kina vyanzo vyake: mafua, pumu, nimonia, kifua kikuu. Kisu cha mkataji hakitibu hata kimoja. Huleta damu isiyokatika, pepopunda, hata VVU. Na siku za matibabu zinapotea, jambo linaloniuma zaidi. Mvue shati, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa miezi 12 hadi 59, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya leo hii.