Je, wajua kwa nini risiva mpya ya muziki huja na maikrofoni?

Fungua boksi la risiva ya Denon, Marantz au Yamaha, yaani ile amplifaya yenye matundu mengi ya HDMI inayoendesha spika tano, saba au zaidi za sinema ya nyumbani. Pamoja na rimoti na antena utakuta maikrofoni ndogo yenye waya mrefu. Wengi huidhania ni ya karaoke, wakijaribu kuimba hawasikii kitu, basi inarudishwa boksini na huko ndiko inakozeekea. Kazi yake ni kupima chumba ili risiva irekebishe sauti ya spika.

Chumba kinahitaji kupimwa kwa sababu besi haisambai sawasawa ndani ya kuta nne. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 hivi. Sebule yenye urefu wa mita 4 inabeba nusu kamili ya wimbi hilo. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja: karibu na kuta sauti inarundikana, na katikati, mita 2 kutoka kila upande, mawimbi yanafutana. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kochi la katikati analalamika sabufa haina nguvu, huku aliyeegemea ukuta anatikiswa kifua. Upana wa mita 3 una usumbufu wake karibu na hezi 58, na dari la mita 2.7 karibu na hezi 64.

Nyumba za tofali na zege huzidisha tatizo. Kuta za mbao na jasi, kama zile za nyumba nyingi za Marekani, hupepesuka kidogo na kumeza sehemu ya besi. Zege huirudisha karibu yote. Zulia na mapazia havisaidii hapa, maana vinanyonya sauti za juu tu. Wimbi la mita 8 halina habari na pazia.

Sasa kupima kwenyewe. Zima feni, funga madirisha, nyamazisha kila mtu. Maikrofoni ikae kwenye kistendi, usawa wa masikio ya aliyeketi mahali pakuu. Usiishike mkononi wala usiilaze juu ya mgongo wa kochi. Kila spika itatoa mlio kwa zamu, na risiva italinganisha ilichotuma na kilichofika. Kipimo cha kwanza ndicho kinachotoa umbali na ukubwa wa sauti wa kila spika, kwa hiyo kisikosewe. Kisha unaisogeza maikrofoni. Audyssey, programu ya kupima na kurekebisha sauti iliyo kwenye Denon na Marantz nyingi hupokea hadi sehemu 8. Wengi huharibu hapa kwa kupima kila kiti cha sebuleni, hata kile kilichobanwa ukutani. Besi iliyorundikana pale inaingizwa kwenye hesabu na kumharibia aliyekaa katikati. Zungukeni kichwa cha msikilizaji mkuu, nusu mita hivi kila upande, basi.

Baada ya hapo angalia majibu. Ukiona sabufa imeandikiwa mita 5 ilhali futi kamba inasema 3, usirekebishe: saketi za sabufa huchelewesha sauti kidogo, na risiva inauhesabu ucheleweshaji huo kama umbali. Lakini ikiwa spika ndogo za mbele zimewekwa kama kubwa, zibadilishe kwenye menyu ziwe ndogo na uweke mpaka wa kugawana besi hezi 80, ili besi yote ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Kitufe cha kukata masafa kilicho nyuma ya sabufa kizungushwe hadi mwisho, la sivyo besi itachujwa mara mbili. Na kama risiva imeishusha sabufa hadi kikomo cha chini kabisa, sauti ya sabufa yenyewe ilikuwa juu mno. Ipunguze, upime upya.

Kuna kitu kimoja ambacho maikrofoni haiwezi. Besi iliyozidi inapunguzika; besi iliyofutika haijaziki. Ukiongeza nguvu pale mawimbi yanapofutana, unaliongeza wimbi la kwanza pamoja na lile linalolifuta. Halafu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 za ziada zinadai nguvu mara 10: palipotosha wati 50 sasa panatakiwa 500. Sabufa itakoroma, shimo libaki palepale.

Dawa ya shimo ni kuhamisha sabufa, au kusogeza kochi nusu mita. Ipandishe sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kandokando ya kuta, kichwa karibu na sakafu. Utachekwa. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa usawa, bila moja kuvuma kuliko wenzake, hapo ndipo pa kuiweka, kwa kuwa njia ya sauti ni ileile ukibadilishana nafasi na spika. Hata seti ya bei nafuu isiyo na maikrofoni inafaidika, ila nyingi kati ya hizo zina amplifaya ndani ya boksi la sabufa, hivyo andaa waya mrefu zaidi wa spika ndogo.

Mwenye bajeti anunue sabufa mbili ndogo badala ya moja kubwa, aziweke katikati ya kuta zinazotazamana. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, alilinganisha mipangilio mingi na huu ulikuwa kati ya iliyosawazisha besi vizuri zaidi kwenye viti vingi. Watengenezaji wamelisikia hilo: Denon AVR-X3800H ya mwaka 2022 ina matundu manne ya sabufa, kila moja na mpangilio wake. Zipange kwanza, maikrofoni ifuate, na siku kochi likihama, pima tena.