Wingi wa manowari haumalizi hesabu

Pale Feri, manowari ya China ikitia nanga, hukosi kusikia: "Hawa wana meli nyingi kuliko Marekani, bahari yote yao!" La kwanza ni kweli, kwa idadi China inaongoza. La pili halifuati.

Manowari hula mafuta usiku na mchana. Bila meli ya ugavi ya kuipa mafuta kwa mpira mnene, zote mbili zikiwa mwendoni sambamba, itatafuta bandari baada ya wiki chache. Hesabu meli hizo za ugavi kwanza.

China imelinda doria Ghuba ya Aden tangu mwishoni mwa 2008, na ina kambi Djibouti tangu 2017. Si haba. Ila kufukuza maharamia si kuwinda nyambizi huku makombora yanakujia.