Mtoto wa SS: urithi wa baba na mama

Hapa Lubumbashi, mtoto akigunduliwa kuwa na selimundu, ugonjwa tunaouita SS, mara nyingi nyumbani huanza lawama. Upande wa baba husema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo," na mama hubaki akiangaliwa kwa jicho baya. Wengine hutafuta mchawi. Sisi wa maabara hali hiyo inatuumiza, kwa sababu hakuna mtoto anayekuwa SS kwa damu ya mama peke yake.

Kila mtu ana kromosomu 46, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Kwenye kromosomu namba 11 ipo jeni yenye maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Jeni hiyo kila mmoja wetu anayo mara mbili. Ya kawaida huandikwa A, iliyobadilika huandikwa S; mwenye S mbili ndiye SS. Badiliko lenyewe ni la herufi moja tu ya maelekezo hayo. Hata hivyo, himoglobini ya S ikiishiwa oksijeni hugandamana, na chembe nyekundu hujipinda kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, ndipo mtoto hulia mifupa usiku kucha. Tena chembe hizo hufa mapema sana, ilhali chembe nzima huishi siku 120 hivi. Ndiyo sababu damu hupungua na macho hugeuka manjano.

Mwenye AS ana A moja na S moja, na hiyo A inamtosha. Kwa kawaida haumwi. Hucheza mpira, huzaa, huzeeka bila kujua. Kwa hiyo "kwetu hakuna" si ushahidi.

Baba AS akioana na mama AS, kila mmoja humpa mtoto jeni moja, ama A ama S. Katika kila mimba, uwezekano wa kupata SS ni 1 kati ya 4, AS ni 2 kati ya 4, AA ni 1 kati ya 4. Wapo wazazi wanaoamini kwamba wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo! Kila mimba huanza hesabu yake upya. Lakini mmoja akiwa AA na mwingine AS, hawatazaa SS.

S imeenea kwetu kwa sababu ya malaria: mtoto wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Mtoto wa SS hana bahati hiyo, malaria humwua upesi. Alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote, na muulizeni daktari kuhusu penisilini ya kila siku hadi miaka 5, na kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu.

Vijana, pimeni kabla ya kuzungumza mahari. Kipimo cha Emmel ni rahisi, ila huonyesha tu kwamba S ipo. Hakitenganishi AS na SS. Ombeni elektroforesi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha A na S na kuonyesha kiasi cha kila moja. Kwenye karatasi ya mwenye AS, A huwa nyingi kuliko S, na S hukaribia asilimia 40. Mwenye SS hana A, isipokuwa ameongezewa damu ya mtu mwingine. Kama mtoto aliwekewa damu katika miezi 3 iliyopita, mwambieni mpimaji kabla hajatoa sampuli.